Usukani ni Amana: Maswali ya Kuuliza Kabla Kijana Hajapanda Lori

Wahenga walisema ajali haina kinga, na kila msiba wa barabarani unapotufikia, neno hilo huwa la kwanza kutamkwa matangani. Ni neno la kuliwaza, na hatuna nia ya kumnyang'anya mfiwa liwazo lake. Lakini liwazo la mfiwa haliwi hoja ya kumkinga aliyesababisha. Mwenye lori aliyemkabidhi usukani mtu ambaye hakumjaribu hana ruhusa ya kujifunika kwa kadari ya Mwenyezi Mungu. Kadari twaiamini, na kumfunga ngamia kwanza ndipo tutawakali, hilo nalo tumefundishwa.

Makala haya yanahusu magari makubwa ya mizigo, na namna madereva wake wanavyofunzwa na kuajiriwa. Huenda mama msomaji akajiuliza mambo hayo yamemhusu nini. Yamhusu sana. Vijana wetu wa Changamwe, Jomvu, Miritini na Mariakani, wengi wao riziki imo katika malori yanayotoka bandarini. Na lori linapoanguka, mama na mke waliobaki nyumbani ndio wanaoubeba mzigo uliosalia.

Barabara kuu itokayo Mombasa hupita Nairobi, Nakuru, Eldoret, Webuye na Bungoma, ikafika mpakani Malaba baada ya takriban kilomita 930. Kitale iko kaskazini ya njia hiyo, nayo ina barabara yake iendayo Kapenguria na Lodwar, hata Sudan Kusini. Tumeichagua miji hii miwili, Bungoma na Kitale, kwa kuwa humo hukutana magari ya kila aina: malori ya safari ndefu kutoka Pwani, malori ya mahindi ya Trans Nzoia, na matrekta ya miwa yaelekeayo kiwanda cha Nzoia. Atakaye kujua dereva wa Kenya anapatikanaje, huko atajua.

Tulikaa na madereva, wengine katika vibanda vya chai vya Kanduyi, wengine nje ya mabohari ya nafaka ya Kitale. Kila mmoja tulimwuliza swali moja: ulijaribiwa vipi siku ya kuajiriwa? Wengi walicheka. Mmoja wao, mzaliwa wa Pwani aliyehamia Bungoma, alitueleza kwamba aliulizwa mambo matatu: leseni unayo, njia unaijua, na waweza kuondoka lini. Hakuna aliyemwambia apande lori alirudishe nyuma hata hatua kumi. Jioni ya siku ile ile alikuwa njiani na trela iliyojaa.

Leseni na ujuzi

Kwa miaka mingi leseni iliyoenea nchini ilikuwa ile ya herufi BCE. Kijana alijifunza kwa wiki chache, aghalabu kwa gari dogo au kwa lori jepesi la shule ya udereva, akafanya mtihani, akatoka na leseni iliyomfungulia mlango wa gari dogo na wa gari la mizigo kwa pamoja. Wapo walioshika leseni hiyo miaka kumi bila kuendesha kitu kizito kuliko pikapu, kisha siku moja wakapata kazi ya trela.

Serikali iliuona ufa huo. Kanuni za mwaka 2020 kuhusu shule za udereva, mitihani na leseni, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, zimeyatenganisha madaraja. Lori jepesi lina daraja lake, lori la wastani lina lake, na lori lenye trela lina lake liitwalo CE. Mtu hatakiwi kuruka. Hupanda ngazi kwa ngazi, kwa umri na kwa uzoefu. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imeandaa mtaala mmoja wa kuwafunza madereva wa magari makubwa. Kwa hiyo tusiseme kwamba elimu haipo. Elimu ipo, wanaoajiri ndio wengi wasioiulizia.

Na trela haiendeshwi kwa ushujaa. Sheria ya Jumuiya inaruhusu uzito wa hadi tani 56, gari na mzigo wake. Uzito huo ukianza kuteremka mlima, breki peke yake haiuzuii. Dereva aliyefunzwa huingia gia ndogo akiwa bado juu, akaiacha injini ilishike gari, akaitumia breki kwa vipimo. Asiyefunzwa hukanyaga breki tangu mwanzo hadi mwisho wa mteremko. Breki hupata moto, hulegea, na afikapo kwenye kona hana kitu mkononi. Wapo pia wanaotia frii mteremkoni ili mafuta yabaki, kisha wayauze. Atokaye Kitale kwenda Lodwar hukutana na mteremko wa Kamatira, baada ya Kapenguria, na wenyeji wa huko wanajua ni malori mangapi yameishia pale. Mteremko kama ule si mahali pa kwenda kujifunzia.

Utingo wa jana, dereva wa leo

Njia ya pili ya kupata dereva ni ya utingo. Kijana huanza kwa kufunga turubai na kulinda mzigo usiku. Baada ya miezi kadhaa dereva huchoka, akamwambia ashike usukani kidogo pale barabara inaponyooka. Kidogo hicho hukua. Siku moja dereva akiugua au akigombana na tajiri, utingo hupewa lori lote.

Hatuidharau njia hii. Kujifunza kwa kukaa miguuni pa bingwa ni desturi yetu katika useremala, ubaharia na hata katika elimu ya dini. Lakini katika elimu ya dini hakuna aliyejipa ijaza mwenyewe. Hupewa na mwalimu aliyemsikiliza na kumsahihisha mpaka akatosheka. Utingo huyu nani alimsikiliza? Bingwa wake alikuwa amelala. Ijaza aliipewa na haraka ya tajiri.

Insafu yatulazimu tuwasikilize na matajiri. Wengi wa Kitale si makampuni makubwa. Ni watu wa lori moja au mawili, tena ya mkopo. Mahindi yanapovunwa, kuanzia Oktoba, kila mtu ataka lori siku moja, na madereva wazuri huwa tayari wameshachukuliwa. Ndipo huokotwa wale waitwao deiwaka, madereva wa siku, ambao tajiri hajui walitoka wapi wala kwa nini waliacha kazi ya mwisho. Mmoja wa matajiri alituambia: nikitumia fedha yangu kumfunza kijana, kampuni kubwa itanipokonya mwezi ujao. Hoja yake ina ukweli. Lakini gharama anayoikwepa yeye haipotei. Humwangukia mwingine, aghalabu mtu ambaye hakuwahi kuliona lori hilo hata siku moja.

Tarehe 30 Juni 2023, katika makutano ya Londiani, Kaunti ya Kericho, trela iliacha njia ikaingia katika matatu na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Waliofariki walizidi 50. Tarehe 10 Desemba 2016, huko Karai, Naivasha, gari lililobeba kemikali liligonga magari mengine likawaka moto, wakafa zaidi ya watu 40. Hatusemi kwamba misiba hiyo ilitokana na kuajiriwa vibaya kwa dereva. Tunataja tu ukubwa wa amana. Mama anayeuza ndizi na vitunguu kando ya barabara Webuye au Kanduyi ameiweka roho yake mikononi mwa mtu aliyechaguliwa na tajiri asiyemjua.

Sifa mbili za mwajiriwa

Katika kisa cha Nabii Musa (AS), alipofika Madyan akiwa mgeni asiye na kitu, aliyependekeza aajiriwe alikuwa mwanamke. Binti yule hakumwambia babake kwamba kijana huyu ni rahisi kumlipa, wala kwamba tumhurumie. Alitaja sifa mbili, nguvu na uaminifu. Nayo aliyasema hayo baada ya kumwona kwa macho yake akiwanywesha wanyama wao. Ajira nzima imo humo. Nguvu ya dereva ni ujuzi wake, na uaminifu wake ni namna anavyoitunza roho ya mtu na mali ya mtu pasipo kuonwa. Na sifa zote mbili hujulikana kwa kuangaliwa. Hazijulikani kwa kuulizwa leseni unayo?

Wanavyuoni wetu wamesema pia kuhusu ajitiaye utabibu hali hana elimu ya tiba, kwamba akidhuru basi ana dhamana ya alichokidhuru. Hasamehewi kwa kusema nia yangu ilikuwa njema. Ukipima kwa mizani hiyo, ajitiaye udereva wa trela bila kufunzwa amebeba dhamana, na aliyemkabidhi trela akijua, au akikataa kujua, amebeba sehemu yake.

Sheria ya nchi nayo haikunyamaza. Inakataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya muda wa saa nane kwa jumla ndani ya saa 24. Hebu tupige hesabu. Gari kubwa la mizigo mwendo wake wa juu kisheria ni kilomita 80 kwa saa. Hata kama lori lingekwenda mwendo huo bila kusimama popote, safari ya Mombasa hadi Malaba ingechukua zaidi ya saa kumi na moja. Tajiri amwambiaye dereva mmoja aondoke leo jioni na kesho asubuhi awe mpakani, huyo amemwamuru avunje sheria. Na anayelipwa kwa tripu badala ya kwa mwezi ana sababu ya kumtii.

Familia iulize nini

Sasa twageukia nyumbani. Kijana anapokuja na habari kwamba amepata kazi ya lori Bungoma au Kitale, sisi hushukuru, tukamwombea dua na kumfungia mikate ya safari. Ni vyema. Ila kabla ya dua, mama, baba au mke amwulize haya:

Leseni yako ni ya daraja gani, na gari utakalopewa ni la daraja gani? Yakitofautiana, safari isianze.

Nani alikujaribu, kwa gari lipi, na kwa muda gani? Kampuni njema humweka dereva mpya pamoja na mzoefu kwa safari kadhaa.

Mkataba uko wapi? Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi. Mwombeni nakala, muiweke nyumbani.

Mshahara ni wa mwezi au wa tripu? Kilichoandikwa ni kiasi gani, na kinachopitia mkononi kama posho ya safari ni kiasi gani?

Tajiri amekata bima ya kazini? Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, ijulikanayo kama WIBA, inamlazimu mwajiri kuwa nayo.

Swali hili la mwisho aghalabu tunaona haya kuliuliza, kana kwamba tunamtabiria mtu kifo. Haya hiyo imewatia wajane wengi katika dhiki. Sheria hiyo inawapa wategemezi wa mfanyakazi aliyefia kazini fidia ya mapato yake ya miezi 96. Aliyekuwa akipata shilingi 30,000 kwa mwezi, fidia yake ni shilingi 2,880,000. Lakini dai hilo lina muda wake: miezi 12, na huwasilishwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mjane asiye na mkataba, asiye na hati ya mshahara, asiyejua hata jina kamili la tajiri wa mumewe, miezi hiyo humpita akiwa bado anatafuta pa kuanzia. Mara nyingi hupewa gunia la unga, nauli ya maiti na maneno mazuri, akaambiwa hiyo ndiyo kadari.

Neno letu la mwisho ni kwa wafanyabiashara, na miongoni mwao wamo Waislamu wengi, wa Pwani na wa Kitale. Wenye kusafirisha mafuta wamekuwa wakidai madereva wao waonyeshe vyeti vya mafunzo maalumu ya usalama, na makampuni ya malori yametii kwa kuwa hayataki kuupoteza mzigo. Kinachowezekana kwa petroli kinawezekana kwa mahindi, saruji na mchele. Mwenye mzigo aulize nani ataendesha, kama anavyouliza bei ya kusafirisha. Akiambiwa bei ni ya chini sana, aulize imeshukaje. Huenda imepunguzwa kwenye mafunzo ya dereva na usingizi wake.

Na kijana akijibiwa na tajiri kwamba maswali mengi yatamkosesha kazi, nasi tumwambie kazi hiyo aiache. Riziki i mikononi mwa Mwenyezi Mungu, wala haikufungwa kwenye lori moja la Kitale.