Bunduki ya bomba la maji: sheria inasema nini?

Wandugu, wakati nilikuwa kwenye staji katika teritware ya Mwenga, muzee mmoja alinikaribisha kwake. Nyuma ya mlango niliona kitu kimesimama, nikafikiri ni pompi ya dawa ya mimea. Kumbe bunduki! Mdomo wake ulikuwa bomba la maji, kitako kipande cha mti, na mpira wa kamera ya baiskeli ulishikilia vyote viwili. Muzee akacheka: « Agronome, hii ndiyo dawa ya nyani. Ile ya mu vitabu vyako haiwezi. »

Wewe wa mujini unaweza kucheka pia. Lakini ule muzee alishapoteza karibu nusu ya mahindi yake kwa nyani na nguruwe wa pori, tena kidole kimoja kwa bunduki yenyewe, siku ilipomupasukia mukononi.

Watu wanaziita pupu, ama kalibre 12 ya kienyeji. Historia yake ni ndefu. Mwaka wa 1890 mataifa makubwa yalisaini Mkataba wa Brussels. Ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, toka nyuzi 20 kaskazini mpaka nyuzi 22 kusini ya ikweta. Gumegume za mdomo laini ndani na baruti ya biashara ziliweza kuendelea kuuzwa. Walisema ni juu ya kumaliza biashara ya watumwa. (Wakati ule ule, majeshi yao yalikuwa yanateka nchi zetu na bunduki za kisasa.) Basi ginsi ya zamani ilibaki vijijini, na fundi wa vyuma aliyezoea kutengeneza gumegume iliyoharibika hakuwa mbali na kuunda yake.

Leo silaha zinaongozwa na Ordonnance-loi nambari 85-035 ya tarehe 3/9/1985. Kuunda silaha, kuiuza, hata kuiweka tu nyumbani, kunaomba ruhusa ya serikali. Kusema « ni ya nyani » hakuondoi hiyo lazima. Kiisha kuko sheria ya uwindaji ya tarehe 28/5/1982, yenye permi zake, hata ya watu wa vijijini. Hapa ndipo wengi wanachanganya: permi ya kuwinda si permi ya kuwa na bunduki. Ni karatasi mbili.

Lakini tatizo kubwa, kwa mawazo yangu, ni namba. Protokole ya Nairobi ya mwaka wa 2004, ambayo Congo ilisaini, inaomba kila silaha ichongwe alama wakati inaundwa, ili ijulikane imetoka wapi. Silaha iliyoundwa bila ruhusa ama bila alama inahesabiwa kuwa imeundwa kinyume cha sheria. Mkataba wa Kinshasa, uliokubaliwa tarehe 30/4/2010, unagusa hata vipande vinavyotumika kuiunda. Ninaelewa sababu: pupu ya kulinda mahindi na pupu ya kuvamia watu barabarani zinafanana, na hakuna namba ya kuzitenganisha. Ila pale pale mulimaji anakosa mlango. Ataandikisha nini, kama bomba lake halina namba wala kiwanda?

Na siku wajeshi wanapita, nani ataamini kama yeye si mwasi? Wiki ile walipita. Muzee aliificha chini ya mihogo, mutoto wake wa mwisho akiwa anaangalia.

Jioni nikamuuliza: « Papa, kwa nini usiipeleke kwa wakubwa mbele waikute? »

« Nikiipeleka, watanipa nini cha kulinda shamba? »

Nikamwambia juu ya kulinda kwa zamu na majirani, na kupanda chai kandokando ya pori, kwa sababu nyani hawaipendi. Alinisikiliza vizuri, bila kunikata. Kiisha akauliza chai inaanza kuvunwa kiisha miaka mingapi.

« Kama mitatu, papa. »

« Nyani wanakuja kesho, » akajibu.