Tuiiteje mashine inayopima sauti ya kinanda?

Majuzi nilikuwa mjini Busia kwa shughuli za kifamilia, nikapitia kanisa moja lenye piano kuukuu ya mbao. Nilimkuta fundi kijana ameifungua tumbo, mkononi ana ufunguo wa kukazia nyuzi, na juu ya piano ameegemeza simu. Kila alipobonyeza sauti moja, kioo cha simu kilionyesha herufi, nambari na mshale uliokuwa ukiyumba kama wa mizani ya nyama. Nilimuuliza anafanya nini. “Natuni piano, Prof,” akanijibu. Nikamuuliza hilo kwa Kiswahili ni nini. Akacheka. “Kwani hiyo si Kiswahili?”

Ningeyaacha hapo, kwa sababu mimi si miongoni mwa wale wanaotokwa na jasho kila wasikiapo neno la mkopo. Lakini kesho yake nilifika Malaba, mwendo usiotimu saa moja kwa matatu, kumwona mzee mmoja tuliyejuana tangu nikiwa mwalimu kijana. Mzee huyu ni Mteso na ni mpigaji wa adeudeu, kinubi chenye mwili wa mbao uliochongwa kama mtumbwi, ukawambwa ngozi, na shingo iliyopinda inayoshikilia nyuzi. Cha kwake kina nyuzi sita. Nilimkuta hana raha. Mjukuu wake, aliyemaliza kidato cha nne juzijuzi, alikuwa amekipeleka kinubi hicho kwenye mashindano fulani, na mwamuzi mmoja akamwambia ala yake “haiko sawa”. Kijana aliporudi nyumbani alitafuta programu ya simu kama ile ya fundi wa Busia, akazikaza na kuzilegeza nyuzi zote mpaka kioo kikawa kijani. Alipompa babu yake aimbe, mzee alipiga mara mbili, tatu, akakiweka chini.

“Mwalimu,” akaniambia, “hiki kinaongea vizuri, lakini hakiongei na mimi.”

Kijana naye akanigeukia. “Lakini Prof, mashine imesema iko sawa. Mashine inaweza kudanganya?”

Hilo ndilo swali ninalotaka kulijibu leo, na kwa maoni yangu nusu ya jibu imo katika msamiati.

Tuanze na neno kinanda. Leo tukilitaja, wengi wetu huona piano, au ile ala ya umeme inayobebwa begani kupelekwa kwenye mikutano ya injili. Lakini kamusi za karne ya 19, ikiwemo ile iliyo katika kitabu cha Askofu Edward Steere wa Unguja, zinakifahamu kinanda kuwa ala ya nyuzi kwanza, kisha ndipo jina likapanuka likazikumba ala za Wazungu. Lamu, kinanda kilikuwa hata jina la muziki wenyewe, uliopigwa kwa gambusi kabla taarabu haijatamalaki. Kwa hivyo piano ya Busia na adeudeu ya Malaba ni ndugu wa jina, na hata kwa maumbile si mbali sana: piano ni nyuzi zaidi ya 200 zilizofichwa ndani ya sanduku. Zote mbili hulegea, zote huathiriwa na unyevu, na zote humhitaji mtu wa kuzirejesha katika hali yake.

Mtu huyo anafanya nini hasa? Nimesikia majibu manne. Wengine husema anatengeneza kinanda, ambalo ni neno la kila kitu kuanzia baiskeli hadi chai. Wengine husema anarekebisha. Hili silipendi, kwa sababu linachukulia kwamba kuna kosa, na kwamba kilicho sahihi kinajulikana kabla hata ya kuisikiliza ala. Kutuni ni neno fupi na halina ubaya, ila halimwambii kitu mtu asiyejua Kiingereza. La nne ni kupatanisha, na hapa naomba msomaji atulie nami kidogo.

Kupatanisha kunatokana na kupata, kwa kupitia kupatana. Kiambishi -an- kinatuonyesha kuwa tendo linahitaji pande mbili. Uzi mmoja hauwezi kupatana peke yake. Tena kupatana kuna maana ya sokoni. Ukisimama karibu na daraja la Malaba, watakujia vijana wa kubadilisha pesa wakiwa na mafungu mikononi, na mtapatana. Pande zote mbili za mpaka pesa inaitwa shilingi, lakini shilingi moja ya Kenya inanunua zaidi ya 20 za Uganda. Hakuna anayesema shilingi ya Uganda ni kosa. Kinachosemwa ni kwamba ukitaka kuvuka, sharti ujue uwiano.

Bahati njema ni kwamba hata wapimaji wa sauti wanatumia senti. Mnamo 1885 Mwingereza Alexander Ellis alichapisha utafiti wake kuhusu ngazi za muziki za mataifa mbalimbali, na ili aweze kuzilinganisha akautumia mfumo wa kuugawa umbali kati ya do ya chini na do ya juu katika sehemu 1200, alizoziita senti. Piano ina hatua 12 kati ya do hizo mbili, kwa hivyo kila hatua ni senti 100. Programu ya simu imejengwa juu ya ngazi hiyohiyo. Inasikiliza mitetemo ya uzi, inahesabu ni mingapi kwa sekunde, kisha inatafuta hatua ya piano iliyo karibu zaidi na kukuambia umepungukiwa au umezidi kwa senti ngapi. Mahali pa kuanzia ni la ya mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo kilichokubaliwa katika mkutano wa London mwaka 1939 na baadaye kuthibitishwa na shirika la viwango la kimataifa. Kabla ya hapo miji ya Ulaya ilitofautiana. Narudia: kilikubaliwa. Watu waliketi, wakapatana.

Sasa tazama linalotokea mashine hii ikikutana na ala isiyokuwa kwenye mkutano ule. Klaus Wachsmann, aliyekuwa msimamizi wa Jumba la Makumbusho la Uganda mjini Kampala kuanzia 1948 hadi 1957, alipima kinubi cha Waganda, ennanga, na mwaka 1950 jarida la Nature likachapisha matokeo yake. Aliona kuwa umbali wa do hadi do umegawanywa katika hatua tano zinazokaribia kulingana. Tufanye hesabu ya shule ya msingi: 1200 ukigawanya kwa tano ni 240. Nyuzi zitakuwa kwenye 0, 240, 480, 720 na 960. Ziweke mbele ya programu ya simu. Wa kwanza sawa. Wa pili itasema umezidi kwa 40, wa tatu umepungua kwa 20, wa nne umezidi kwa 20, wa tano umepungua kwa 40. Nyuzi nne kati ya tano zimepigwa alama nyekundu, ilhali aliyezipanga ni bingwa na kazi yake haina dosari. Ukimtii mshale, utapata 200, 500, 700 na 1000. Hatua zilizokuwa karibu sawa zitageuka kuwa nyingine fupi na nyingine ndefu, na wimbo utabadilika lafudhi.

Sisemi kuwa adeudeu ya Wateso hupangwa kama ennanga ya Waganda. Kila jamii ina mapatano yake, na ndani ya jamii kila mpigaji ana yake kidogo. Mwanamuziki na mtafiti wetu Washington Omondi, mmoja wa waliotunga wimbo wa taifa wa Kenya, aliona upatanishaji wa thum wa Wajaluo, tunaouita nyatiti, unastahili makala nzima ya kitaaluma. Nisemalo ni kuwa mashine haikumdanganya yule kijana. Iliulizwa swali moja, “Je, uzi huu uko kwenye ngazi ya piano?” ikajibu kwa ukweli mtupu. Aliyekosea ni aliyelisikia jibu hilo kama hukumu.

Sisi wanaisimu tungepaswa kulielewa hili haraka kuliko wengine. Kiswahili hakina toni za kutofautisha maneno, lakini Kiteso, Dholuo na lugha za Kiluhya zinazozungumzwa katika kaunti hiihii zinazo. Toni ya juu ni mitetemo mingapi? Swali halina maana. Toni ya juu ya mzee mwenye sauti nzito huenda ikawa chini ya toni ya chini ya mjukuu wake wa miaka sita, na bado wote wawili wanaelewana vizuri kabisa. Toni iko juu kwa kuwa jirani yake iko chini. Mwanafunzi akiniletea tasnifu inayodai kuwa wazee wa Amukura hukosea toni zao kwa sababu kompyuta imeonyesha wako chini ya wanawake, nitamrudisha kwake siku hiyohiyo. Lakini kinubi kikifanyiwa hivyohivyo, tunapiga makofi na kusema tunakiboresha.

Hata kwenye piano yenyewe mashine haina neno la mwisho. Nilimuuliza yule fundi wa Busia iwapo anaifuata simu hadi ncha zote mbili. “Hapana, Prof. Katikati naifuata. Kule juu na kule chini nikiifuata, piano inalia vibaya.” Yuko sahihi, na sababu inajulikana. Waya wa piano ni mgumu, na ugumu huo huzifanya sauti ndogondogo zinazoandamana na sauti kuu zipande kidogo kuliko hesabu inavyotaka. Ili do za mbali zisigombane, fundi mzuri huzinyoosha: za juu anazipandisha zaidi, za chini anazishusha zaidi. O. L. Railsback wa Marekani alilipima jambo hili mnamo miaka ya 1930, akakuta mafundi wenye masikio mema wote wanaikiuka hesabu, na wanaikiuka kwa mkondo mmoja. Ziko mashine za bei ghali leo ambazo zimefunzwa kuiga mkondo huo, na zinasaidia sana, hasa mahali penye kelele. Bado zimejifunza kwa sikio la mtu.

Nirudi kwenye jina. Kwa kitendo napendekeza kupatanisha, na afanyaye awe mpatanishi. Najua kuna watakaocheka kuwa mpatanishi ni mtu wa kusuluhisha migogoro ya mashamba. Acha wacheke, maana kazi zenyewe hazitofautiani sana. Kwa mashine, nasihi tusiiite kipatanishi. Haipatanishi chochote. Tunalo neno kipimajoto, na hakuna aliyewahi kudhani kuwa kipimajoto kinatibu homa. Kwa ruwaza hiyohiyo tungepata kipimasauti. Dosari yake ni kuwa mtu anaweza kufikiri kinapima ukubwa wa kelele. Kwa istilahi ya fonolojia ingekuwa kipimakidatu, maana kidatu ndilo jina letu la kupanda na kushuka kwa sauti, ila nje ya darasa kidatu huwapeleka watu moja kwa moja kwenye bwawa la umeme kule Morogoro. Kwa hivyo nabaki na kipimasauti hadi apatikane mwenye bora zaidi.

Basi, pale Malaba jioni hiyo tulifanya hivi. Nilimwomba mzee akirudishe kinubi katika hali yake. Hakuitazama simu. Alinong’ona wimbo kwanza, kwa midomo iliyofumba, akautafuta uzi mmoja mpaka ukakaa chini ya sauti yake, kisha akaileta mingine mmojammoja, kila mara akirudi kwa ule wa kwanza kuhakikisha. Ilimchukua kama dakika kumi. Alipomaliza, ndipo nikamwambia mjukuu awashe kipimasauti chake, asiguse uzi wowote, aandike tu. Aliandika nambari sita katika daftari lake la zamani la hisabati, na tarehe juu yake. Kando tukaandika umbali wa senti kutoka kila uzi hadi unaoufuata.

Asubuhi mzee aliamka na mafua, sauti imeshuka. Akakipatanisha tena kinubi, safari hii kwa sauti hiyo ya asubuhi. Kijana akapima. Nambari zote sita zilikuwa zimebadilika, hakuna hata moja iliyofanana na ya jana. Alinitazama kwa wasiwasi. Nikamwambia apige hesabu ya umbali kutoka uzi hadi uzi. Alizipiga mara mbili, akazilinganisha na safu ya jana, tofauti ni senti tatu hapa, nne pale. Akauliza kama anaweza kubaki na daftari, ingawa lilikuwa lake.