Kelele za gemu zilivyorudi uwanjani

KIJANA wa Tindiga, wilayani Kilosa, anaposhika pedi ya pleisteshini kucheza soka, hushangiliwa au kuzomewa na umati wa Ulaya. Umati huo si wa kubuni tu. Katika gemu ya FIFA, iliyobadilishwa jina kuwa EA Sports FC mwaka 2023, hutumika sauti zilizorekodiwa viwanjani na kukatwa vipande vipande. Kompyuta huchagua kipande kulingana na tukio. Mpira ukigonga mwamba, husikika mguno. Wenyeji wakifunga, mlipuko. Watangazaji nao hurekodi majina ya wachezaji moja moja, kwa utulivu na kwa mayowe.

Ubora wa sauti hizo ulidhihirika Juni 2020. Ligi Kuu ya England iliporejea bila mashabiki kutokana na Covid-19, televisheni ya Sky Sports ilitumia kelele ilizoandaa pamoja na EA Sports. Gemu iliyozoea kuiga televisheni ikawa inaikopesha sauti!

Tunachokosa ni sauti yetu. Mbwana Samatta alikuwamo akichezea Genk ya Ubelgiji, lakini ligi huingizwa kwa mikataba ya leseni, na ya Tanzania Bara haikuwamo katika FIFA yoyote. Ngoma na tarumbeta za Simba na Yanga zilibaki Uwanja wa Benjamin Mkapa.