Mbwaa, rangi tatu na herufi M: asili ya koo za Tigania

Kila ukoo wa Tigania una rangi. Wapo Njiru, yaani weusi, wapo Ntune, wekundu, na wapo Njeru, weupe. Mwenyeji wa Muthara, huku Tigania, hukua akiijua rangi ya mwiriga wake, kwani Wameru huuita ukoo mwiriga, na zamani rangi hiyo ndiyo iliyomwelekeza nani wa kuoa, nani wa kumwomba msaada na nani wa kukaa naye barazani. Ukiuliza rangi hizo zilitoka wapi, utaelezwa habari za bahari. Wazee wa Wameru husimulia kwamba waliokuwa wakikimbia utumwa walilivuka bonde la maji makuu kwa makundi matatu. Waliovuka usiku wakawa Njiru, waliovuka alfajiri, mbingu zikiwa zimeiva kwa wekundu, wakawa Ntune, na waliovuka jua likiwa limepanda wakawa Njeru. Wengi huisoma habari hii kama hati ya kuzaliwa: mimi ni wa ukoo fulani kwa sababu damu yangu ilivuka saa fulani. Hoja yangu ni kwamba ushahidi tulio nao unatuelekeza kwingine. Ukoo wa Tigania ulijengwa kwa kiapo na mapatano kama ulivyojengwa kwa uzazi, na jina la ukoo tunaloliandika kwenye kitambulisho ni kitu kichanga sana kuliko ukoo wenyewe.

Kwanza tuyape masimulizi haki yake, maana ni mali kubwa. Mahali pa kuanzia panaitwa Mbwaa, palipozungukwa na maji ya chumvi. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya kumbukumbu za wazee wa Meru na kuzichapisha katika vitabu vya mwaka 1982 na 1993, alipahusisha na kisiwa cha Manda, jirani ya Lamu. Huko wakaja Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, wakawatawala na kuwapa majaribu yasiyowezekana ili wapate kisingizio cha kuwaangamiza. Waliamriwa kutoa tunda lililotumbukizwa katika shimo refu bila kulichokoa kwa kijiti. Wakajaza maji shimoni hadi tunda likaelea. Waliamriwa kuleta mbwa mwenye pembe. Wakambandika mbwa pembe ndogo za paa. Lilipokuja agizo la mkuki unaofika mbinguni, hapakuwa na ujanja uliobaki ila kuondoka usiku. Kiongozi ambaye masimulizi mengi humwita Koomenjoe aliwatangulia, maji yakapigwa kwa fimbo yakaachana, na safari ikafuata mto Tana kwenda juu hadi wakaiona milima. Wengine walibaki njiani wakawa Watharaka, wengine wakapanda Imenti, na wengine wakaishika safu ya Nyambene, wakawa Tigania na Igembe.

Je, hayo yalitokea? Sioni sababu ya kuyatupa yote. Masimulizi yanataja maji yanayojaa na kupwa, jambo ambalo mtu aliyezaliwa Nyambene na kufa Nyambene hawezi kulibuni kwa urahisi. Majina ya rika, yaani nthuki, kama Michubu, Ratanya, Lubetaa, Miriti, Guantai na Gichunge, hufuatana kwa mpangilio unaojulikana, na kwa kuyahesabu kurudi nyuma Fadiman aliiweka safari hiyo karibu na mwanzo wa karne ya 18. Hiyo si zamani za kupotea kabisa katika ukungu. Wamijikenda na Wapokomo nao wana habari za kuhama kutoka Shungwaya, kaskazini mwa pwani, kwa hiyo habari ya watu kuondoka upande ule chini ya mashaka si ya Wameru peke yao. Naamini wapo watu waliotoka pwani wakafika hapa na kumbukumbu hiyo vifuani.

Lakini lugha inatoa ushahidi mwingine, na ushahidi wa lugha ni mgumu kuugeuza kwa sababu hakuna aliyekaa chini kuutunga. Kama Wameru wote wangekuwa wazao wa watu waliotoka Manda miaka 300 hivi iliyopita, Kimeru kingekuwa ndugu wa karibu wa Kipokomo, Kigiriama na Kiswahili. Sivyo kilivyo. Kimeru kinakaa kundi moja na Kitharaka, Kiembu, Kikuyu na Kikamba, lugha zilizokulia kuuzunguka Mlima Kenya kwa muda mrefu. Maelezo yanayopatanisha mambo haya mawili ni kwamba waliotoka pwani walikuwa sehemu tu ya watu, wakawakuta wengine au wakafuatwa na wengine, na baada ya vizazi kadhaa habari yao ikawa habari ya wote. Hata jirani wanatusaidia kuliona hili. Waembu, wenye lugha ya karibu na milima ileile, wanamtaja Mwenendega na kichaka kitakatifu karibu na Runyenjes. Asili yao imechipuka palepale walipo, wala haihitaji bahari.

Masimulizi ya Wameru wenyewe, ukiyasikiliza hadi mwisho, hayadai kwamba nchi ilikuwa tupu. Yanawataja Agumba, wawindaji wa msituni. Yanawataja Umpua waliofuga ng'ombe, na kwa upande wa Tigania yanawataja sana Mwoko, wafugaji waliopigana na wageni kwa muda mrefu nyanda za chini ya Nyambene. Watu hao hawakuyeyuka. Baadhi waliondoka, baadhi walikufa vitani, na wengine, hasa wanawake na watoto, waliingizwa katika nyumba na koo za washindi. Mtoto wa Mwoko aliyelelewa Tigania alitahiriwa na rika la Tigania, akapewa mwiriga, na mwiriga una rangi, na rangi ina habari ya kuvuka bahari. Wajukuu wake leo husema babu zao walivuka usiku au alfajiri. Hawadanganyi. Wanaeleza walivyo raia wa jamii hii, kwa lugha ambayo jamii hii huitumia kueleza uraia.

Wapo wanaosema tusijisumbue kabisa na Mbwaa, kwa kuwa habari ya fimbo, maji yaliyoachana na watawala wakatili imetoka kwenye Kitabu cha Kutoka, ikapandikizwa na wamisionari. Pingamizi hili lina uzito na halifai kupuuzwa. Wamethodisti na mapadri wa Consolata walifika Meru mapema katika karne ya 20, muda mfupi baada ya utawala wa Waingereza kuingia ukiongozwa na E. B. Horne, na wazee waliohojiwa baadaye walikuwa wameishi na Biblia kwa miongo mingi. Inawezekana kabisa fimbo ilipata nguvu zaidi kwa sababu ya Musa. Ila sehemu ya Biblia inaishia hapo. Mbwa mwenye pembe hayumo katika Kitabu cha Kutoka, wala tunda linaloelea, wala makundi matatu ya rangi. Zaidi ya hayo, rangi hizi zilikuwa zimeshikamana na mpangilio mzima wa maisha ya Wameru: usiku na mchana, kushoto na kulia, mkubwa na mdogo. Padri Bernardo Bernardi aliueleza mpangilio huo katika kitabu chake cha mwaka 1959 juu ya Mugwe, kiongozi wa baraka ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa mtakatifu, na mwaka uliofuata Rodney Needham akauchambua zaidi. Mambo yaliyokita mizizi kiasi hicho hayapandwi na mahubiri ya miaka michache. Na uchambuzi huo unatoa jambo jingine: rangi za koo huenda zilikuwa njia ya kuwapanga watu waliochanganyika, wapeane zamu, wake na heshima, kabla hazijawa saa za kuvuka maji.

Pingamizi kubwa zaidi ni la ndoa. Mtu wa Tigania hakuruhusiwa kuoa ndani ya mwiriga wake. Na kama ukoo si damu, katazo hilo lilikuwa la nini? Jibu lipo katika gichiaro. Huu ni undugu uliofungwa kwa kiapo kati ya koo mbili, mara nyingi koo za sehemu tofauti kabisa, mmoja wa Tigania na mwingine wa Igembe, Imenti au Tharaka. Koo zilizofunga gichiaro hazimwagiani damu wala haziombani bila kupeana. Mtu wa gichiaro akija kwako na haja, kumnyima ni kujitafutia laana. Na mara nyingine yeye ndiye aliyeitwa kusuluhisha kesi iliyowashinda wenyeji, kwa kuwa hakuna anayethubutu kusema uongo mbele yake. Na hawaoani. Hapo ndipo katazo la ndoa linapogeuka kuwa ushahidi wa hoja yangu. Wote wanajua koo hizi mbili hazikuzaliwa na mtu mmoja. Pengine undugu wao ulianza kwa vita vikali vilivyochosha pande zote. Bado kiapo kimewafanya ndugu hata kitandani, na hofu ya kukivunja ni kali kuliko hofu nyingi za damu. Jamii yenye uwezo wa kuzalisha undugu namna hiyo haikuhitaji nasaba moja ili iwe na koo imara.

Wala Tigania si peke yake duniani. Ayalandi ya zama za kati inasifika kwa koo zake, na watu wengi duniani wenye majina yanayoanza kwa O' au Mac hujivunia asili hiyo. Uí Néill, koo zilizotawala kaskazini kwa karne nyingi, zilijitaja kuwa wazao wa mfalme wa kale, Niall wa Mateka Tisa. Mabingwa wa nasaba walikwenda mbali zaidi: katika kitabu cha karne ya 11 kiitwacho Lebor Gabála Érenn waliwaunganisha Waayalandi wote na Míl aliyetoka Hispania, na nyuma yake wakapita Misri. Wanahistoria wa huko wameonyesha kwamba kabila dogo lililokubali ulinzi wa kubwa mara nyingi lilishonewa nasaba ndani ya ile ya mkubwa wake. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo cha Trinity, Dublin, walikuta alama moja ya urithi wa kiume kwa takriban mwanamume mmoja kati ya watano kaskazini-magharibi mwa Ayalandi, magazeti yakatangaza kuwa Niall amepatikana. Utafiti wa baadaye ukaonyesha alama hiyo ni ya kale kumpita Niall. Nasema haya kwa ajili ya anayefikiri kipimo cha vinasaba kitatuamulia mambo ya Njiru na Njeru. Kipimo kitasema nani alizaa nani. Hakiwezi kusema nani aliapa na nani.

Ayalandi inatufundisha pia juu ya majina. Mac ni mwana wa fulani, Ó ni mjukuu wa fulani, na mwanzoni vilibadilika kila kizazi. Kuanzia karne ya 10 vikaganda, O'Neill akabaki O'Neill hata baada ya vizazi 20. Mwaka 1465 bunge la watawala wa Kiingereza liliamuru Waayalandi wa maeneo ya Dublin wachukue majina ya Kiingereza, ya mji, ya kazi, au ya rangi kama White, Black na Brown. Baadaye wengi waliiangusha Ó ili wasitambulikane, na wajukuu wao wakairudisha karne ya 19 ilipokuwa ikiisha.

Herufi M yenye ritifaa ya Wameru imepita njia hiyohiyo, ila kwa mwendo wa kasi. M'Baariu ni mwana wa Baariu, na mbele ya jina la mzee herufi hiyo ni heshima pia. Shujaa wa Mau Mau kutoka Tigania anayejulikana kama Field Marshal Musa Mwariama aliitwa pia M'Kiribua M'Muchiri. Jina la namna hiyo halikukusudiwa kudumu. Mutuma M'Baariu akipata mtoto, mtoto ni M'Mutuma, na Baariu anapumzika hadi mjukuu mwingine apewe jina lake. Wengine walibeba jina la rika la baba zao, wengine la jirani mwema. Hakuna katika haya lililotaja mwiriga. Mwiriga ulisemwa kwa mdomo, mbele ya mashahidi. Kisha ikaja sheria ya kipande ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, ikifuatwa na rejesta za kanisa, shule na vitambulisho. Karani alitaka jina moja lisilobadilika, na jina la baba aliyekuwepo siku hiyo likaganda. Leo wajukuu wa Mutuma wanaitwa Baariu wote, wengi bila ile M, na mgeni anafikiri Baariu ni ukoo. Kumbe ni mtu mmoja, na wa Baariu wa Muthara na wa Baariu wa Karama wanaweza kuwa wa rangi mbalimbali kabisa.

Litaulizwa swali la ardhi, na ndilo linalowatia watu wasiwasi wakisikia kwamba ukoo ni mapatano. Kama si damu, si kila mtu atakuja kudai shamba? Naona kinyume chake. Damu hudaiwa na yeyote mwenye jina linalofanana kwenye kitambulisho, na majina, kama tulivyoona, yamegandishwa kwa bahati. Mapatano yana mashahidi, yana masharti, yana upande wa pili unaoweza kuitwa ukaeleza. Ndiyo maana wazee wa Njuri Ncheke, baraza la Wameru, wenye makao yao Nchiru, Tigania Magharibi, katika kesi ya mpaka huuliza nani alimkaribisha nani, kwa kiapo gani, mbele ya nani. Maswali hayo yana majibu wangali wapo wanaoyakumbuka. Koo za Muthara zingeandika sasa, kwa majina na mahali, kila gichiaro inayojulikana na kila nyumba iliyopokelewa. Daftari hilo lingemsaidia hakimu wa mahakama ya ardhi kuliko orodha yoyote ya majina yanayofanana.