Kishikwambi cha Mwalimu, Kitabu cha Mtoto

Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilipokwisha, vishikwambi vya makarani viligawiwa walimu wa shule za umma. Ndiyo maana katika darasa lililofurika la Mbagala, Temeke, au Bunju, Kinondoni, kifaa huwa mkononi mwa mwalimu na watoto hugombea vitabu. Je, mtoto asomee wapi? Inategemea amefika hatua gani.

Anayeanza kuunganisha herufi hunufaika na kifaa. Kati ya 2017 na 2019, mashindano ya Global Learning XPRIZE yaliwapa vishikwambi karibu watoto 3,000 wa vijiji 170 mkoani Tanga, wengi wao wakiwa hawajawahi kukanyaga shule. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 ya kutumia vishikwambi hivyo, idadi hiyo ilipungua kwa nusu; programu mbili zilizoshinda ni onebillion na Kitkit School. Irabu zetu ni tano na kila moja ina sauti yake, hivyo programu inayotamka ba, be, bi, bo, bu bila kuchoka humfikisha mtoto kwenye maneno kamili.

Akishajua kusoma, mizani hugeuka. Mwaka 2018, Pablo Delgado na wenzake walichambua tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 171,000. Waliosoma karatasini walielewa zaidi, hasa matini ya maarifa na pale muda ulipowabana. Maelezo mojawapo ni kwamba skrini imetuzoesha kupitisha macho juujuu.

Kwa wadogo, uchambuzi wa 2021 wa tafiti 39, uliohusu watoto 1,812 wa umri wa mwaka 1 hadi 8, uliongeza jambo. Hadithi ileile ikihamishiwa tu kwenye skrini, karatasi hushinda. Ikiongezewa vikorombwezo vinavyofafanua kisa chenyewe, skrini huweza kushinda.

Basi silabi za Darasa la Kwanza zitamkwe na kishikwambi, darasa liitikie. Ufahamu wa Darasa la Tatu ubaki kitabuni, mtoto arudi nyuma na kuweka kidole kwenye sentensi inayothibitisha jibu lake. Na fedha zikipatikana, zianzie kwenye vitabu: kifaa kimoja chenye spika husikika darasa zima, lakini watoto watatu hawawezi kusoma ukurasa mmoja kwa mwendo mmoja.