Je, Wajua? Butura Haina Mlango wa Kutokea

Je, wajua kwamba mkulima wa Karagwe anayeuza kahawa ingali maua mtini, kwa mtindo uitwao butura, ameingia mkataba asioweza kuufunga kabla ya mavuno? Fedha anazipata leo, za ada au za mgonjwa. Bei ikipanda baadaye, gunia si lake tena. Serikali ya Tanzania imepiga marufuku butura. Shida zinazomsukuma mtu huko hazikupigwa marufuku.

Je, wajua kwamba robusta, kahawa ileile iliyojaa mashambani Karagwe na Kyerwa, huuzwa mapema London pia? Katika soko la ICE la huko loti moja, yaani mkataba mmoja, ni tani 10 za buni, ambazo huhitaji karibu mara mbili ya uzito huo kwa kahawa ya maganda. Mapema mwaka 2025 bei ilivuka dola 5,500 kwa tani. Huko aliyeuza leo anaweza kujitoa kesho bila kugusa punje: ananunua loti ya mwezi uleule, hesabu zinafutana, anabaki na faida au hasara yake.

Kwenye opsheni, yaani haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa bila kulazimika, kufutana huko kuna masharti makali zaidi, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Tuseme mtu ameuza opsheni mbili za kununua, za Julai, kwa bei ya dola 4,000. Akinunua moja iliyo sawasawa na hizo, programu inayotunza hesabu za mikataba yake itaonyesha moja imefungwa, moja ingali wazi. Akinunua ya Septemba, au ya Julai lakini ya dola 4,100, hakuna kinachofutika. Zote zinabaki wazi, hata kama mwenyewe anaamini ameshajilinda. Tena opsheni ikiisha muda bila kutumika, hakuna muamala wa kuifunga. Programu yenyewe ndiyo inayopaswa kuiondoa kwenye orodha.

Mnunuzi wa butura programu yake ni daftari: jina, idadi ya magunia, fedha zilizotolewa. Daftari la huyu halioni la yule, kwa hiyo kahawa ya mti mmoja inaweza kuandikwa mara mbili. London mikataba yote hupitia ICE Clear Europe, inayosimama kati ya kila muuzaji na mnunuzi.

Anayekuja na fedha za butura aulizwe jambo moja: nikipata hela mwezi ujao, utanirudishia kahawa yangu kwa bei gani?