KUPANGA, KUEPUKA NA KUKWEPA KODI

Tangu mwaka 2021, sheria ilipotamka kwamba Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, kufasiri sheria za kodi kumekuwa kazi yenye uzito mpya, hasa hapa Dodoma zilipo wizara na Bunge. Katika kazi hiyo limejitokeza tatizo ambalo si la lugha peke yake. Usemi "kukwepa kodi" hutumiwa kwa kila anayelipa kodi pungufu, awe ameitii sheria au ameivunja. Madhumuni ya makala haya ni kuzitenganisha dhana tatu zilizofichwa chini ya usemi huo.

Tuchukue mfano wa mwenye kiwanda cha kukamua alizeti huko Kibaigwa. Kabla ya kodi kukokotolewa, huondoa katika mapato yake mishahara ya wafanyakazi, riba ya mkopo wa biashara na uchakavu wa mashine. Akinunua mashine mpya katika mwaka wenye faida kubwa, kodi yake hupungua. Vivyo hivyo mtumishi mwenye mshahara unaozidi shilingi 1,000,000 kwa mwezi, ambaye sehemu inayozidi kiasi hicho hutozwa asilimia 30: mchango wake katika mfuko wa pensheni ulioidhinishwa huondolewa kwanza, ndipo kodi ikokotolewe. Hawa wametumia nafasi waliyopewa na sheria yenyewe. Dhana hii twapendekeza iitwe "mpango wa kodi". Mfasiri ajihadhari na neno "mpangaji wa kodi", kwani mpangaji ni mtu aliyekodi nyumba, na kodi ni pia malipo ya pango. Msomaji atadhani habari ni ya chumba cha kupanga.

Dhana ya pili ni ya tajiri anayeyagawa mapato yake kwa majina ya jamaa zake ili kiwango cha kodi kishuke. Hati zake zote ni za kweli, lakini shabaha ya sheria imepindwa. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 humpa Kamishna uwezo wa kuurekebisha mpango wa namna hiyo, ingawa marekebisho hayo si hukumu ya jinai. Hapa lafaa neno "kuepuka kodi". Wako watakaosema kwamba kuepuka kuna harufu ya wema, kama mtu anavyoepuka shari. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo neno hilo laeleza kukaa kando ya jambo bila kuvunja kitu, na ndiyo maana inayotakiwa.

Dhana ya tatu ni ya mfanyabiashara anayeficha mauzo, au kuweka vitabu viwili vya hesabu. Mtu hukwepa ngumi iliyokwisha kurushwa. Naye huyu hukwepa deni lililokwisha kumfika. Hiyo ndiyo "kukwepa kodi" hasa, na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 imeiwekea adhabu.

Basi mfasiri ajiulize maswali mawili: Je, sheria imevunjwa? Kama haikuvunjwa, je, shabaha yake imefuatwa? Asipojiuliza, neno moja katika barua ya ofisi laweza kumwita mhalifu raia aliyelipa kila alichodaiwa, au kumsitiri mwizi kwa jina la mpangilio mwema. Wasomaji wenye maoni juu ya istilahi hizi, hasa walimu wa biashara na maofisa wa kodi, wanakaribishwa kuyaleta kabla hazijazoeleka.